"Nilikuwa fundi wa valvu tu": asbesto na mapafu ya mabaharia wastaafu

*Daktari, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nimeolewa hapa Norfolk, Virginia. Baba mkwe wangu ana miaka 77. Alitumikia Jeshi la Wanamaji la Marekani tangu 1967 hadi 1975, chini kwenye chumba cha injini cha destroya (aina ya manowari), na kuna wakati meli yao ilikuwa pwani ya Vietnam. Kazi yake ilikuwa valvu na mabomba ya mvuke. Tangu mwaka jana ana kikohozi kikavu, na akipanda ngazi husimama katikati kupumzika. Eksirei ya miaka miwili iliyopita ilisema mapafu ni safi. Alikuwa mvutaji sigara, akaacha yapata miaka 20 sasa. Nikimtajia asbesto hukasirika: "Waliofunga asbesto ni wengine, mimi nilikuwa fundi wa valvu tu." Mama yangu huko nyumbani anasema nimpe maziwa asubuhi na jioni yamsafishe kifua. Jirani anasema sheria mpya ya PACT, ile ya fidia kwa wanajeshi wastaafu, italipa yenyewe. Na kuna hili linaloninyima usingizi: gerejini kuna sanduku lake la vifaa, ndani mna kamba ya kijivu ya valvu, na mwanangu wa miaka sita ameikatakata akichezea. Mama mkwe naye ndiye aliyekuwa akifua ovaroli zake. Nianzie wapi?*

Marahaba, binti yangu. Umeuliza mengi kwa pamoja na nitayajibu yote, ila si kwa mpangilio ulionipa. Nianze na kauli ya mzee, kwa sababu hiyo ndiyo itakayoamua daktari wake atafikiria nini na madai yake yatakwenda vipi. Mzee hasemi uongo. Anaeleza kazi yake kama ilivyoitwa, na kazi yake haikuitwa asbesto.

Manowari za enzi zake ziliendeshwa kwa mvuke. Ulipita kwenye mabomba kwa shinikizo la pauni 600 kwa kila inchi ya mraba, na kwenye destroya nyingi zilizojengwa baada ya Vita vya Pili pauni 1,200, ukiwa na joto linaloweza kuvuka nyuzi 500 za Selsiasi. Bomba la namna hiyo haliachwi wazi. Litaunguza watu na kupoteza joto. Likavikwa kihami joto, na kwa miongo mingi kihami hicho kilikuwa asbesto, madini yanayochanika kuwa nyuzi, hasa ile ya kahawia iitwayo amosite iliyochimbwa Afrika Kusini. Juu yake kikashonewa kitambaa, kikapakwa rangi. Hiyo ndiyo asbesto anayoikumbuka mzee, na ni kweli kwamba waliokuwa wakiifunga walikuwa mafundi wa idara nyingine.

Sasa tuseme valvu inavuja. Shina la valvu, lile linaloshikwa na usukani wa kufungulia, hupita katikati ya pete za kamba ngumu zilizoshindiliwa ili mvuke usitoroke. Hiyo ndiyo pakingi. Fundi hulegeza nati, huinua kifuniko, kisha kwa ndoano nyembamba huzivuta pete moja moja. Pete zilizookwa na mvuke miezi na miezi hazitoki nzima: hukatika na kusagika, na mabaki yaliyong'ang'ania ndani hupulizwa kwa hewa ya kompresa, uso wa fundi ukiwa umeinama palepale. Kama kinachovuja ni maungio ya flanji, yaani pale mabomba yanapofungwa pamoja kwa bolti, kuna gasketi (kipande bapa kinachobanwa katikati kuzuia uvujaji) iliyoungana na chuma. Hukwanguliwa kwa patasi, halafu kwa brashi ya waya, pengine ya kuzungushwa na mota, mpaka chuma king'ae, la sivyo gasketi mpya haitakaa. Hiyo mpya nayo hukatwa kutoka kwenye shiti kubwa, mara nyingi kwa kuilaza juu ya flanji na kuigonga ukingoni kwa nyundo. Pakingi ilikuwa na asbesto. Gasketi ilikuwa na asbesto. Na kabla ya hayo yote, ili spana ifike kwenye bolti, fundi wa valvu ndiye aliyebomoa kihami joto kilichofungwa na mwenzake.

Hapo kwenye kubomoa ndipo vumbi lilipokuwa jingi zaidi. Nakwambia hivi kwa sababu utakutana na watu wawili watakaokuvuta huku na huku. Mmoja atasema gasketi haina madhara kwani nyuzi zake zimegandishwa ndani ya mpira. Mwingine atasema kila gasketi ni sumu. Gasketi mpya isiyoguswa haitoi kitu cha maana. Iliyokauka ikapigwa brashi ya waya hutoa. Kihami joto kinachovunjwa kwa mkono ndani ya chumba kilichofungwa, chenye feni zinazozungusha hewa ileile, hutoa kwa wingi kuliko vyote viwili. Baba mkwe wako alifanya haya matatu, na hata siku ambazo hakuyafanya, mwenzake hatua chache kando alikuwa akiyafanya. VA, yaani Idara ya Wanajeshi Wastaafu, ina orodha yake ya kazi za wanamaji na uwezekano wa kila kazi kukutana na asbesto: mafundi wa mabomba, wa boila na wa mashine wako ngazi za juu, makarani wako chini. Mwonyeshe hilo. Wanaume wa umri wake huwa hawapendi kuambiwa na mkwe kwamba ni wagonjwa, lakini karatasi ya serikali huisoma.

Je, hiyo nyuzi hufanya nini kifuani? Asbesto ni madini, ila madini yanayochanika kuwa nyuzi, na nyuzi hizo huendelea kuchanika hadi kuwa nyembamba kuliko unywele kwa zaidi ya mara mia. Vumbi la kawaida hunaswa puani na kooni, likatoka na makohozi. Nyuzi ya asbesto kwa wembamba wake huenda na mkondo wa hewa mpaka mwisho wa safari, kwenye vifuko vidogo ambamo damu huchukua oksijeni. Huko kuna seli walinzi ambazo kazi yake ni kumeza uchafu. Zikikutana na nyuzi ndefu kuliko zenyewe hushindwa kuimeza, na kushindwa huko ni kama mwiba wa samaki uliokwama kooni: kila ukijaribu kumeza ndivyo unavyozidi kuchubua. Seli hufa zikimwaga kemikali zake, zinakuja nyingine, nazo hufa. Mwili hauna njia ya kuiyeyusha amosite. Kwa hiyo uvimbe mdogo usioisha huendelea mwaka baada ya mwaka, na palipo na uvimbe usioisha hujengeka kovu, na pengine seli huharibika vinasaba vyake.

Ndiyo maana inachukua muda mrefu hivyo. Kovu la mapafu linaloitwa asbestosi kwa kawaida huonekana miaka 10 hadi 40 tangu kuanza kuvuta vumbi. Mesotelioma, saratani ya utando unaofunika mapafu, huchukua miaka 20 hadi 50. Mwaka 1960 J. C. Wagner na wenzake walipoonyesha uhusiano wa mesotelioma na asbesto ya buluu ya Northern Cape, Afrika Kusini, baadhi ya wagonjwa walikuwa watu walioishi tu karibu na migodi walipokuwa watoto. Kwa hiyo ile hoja kwamba "angekuwa ameathirika tungeshajua zamani" haina nguvu. Mtu aliyeshika valvu mwaka 1970 bado anaweza kuugua leo, hata baada ya zaidi ya miaka 50.

Lakini usikimbilie kuamua. Wengi waliofanya kazi kama yake hawakuugua kabisa. Hatari huongezeka kadiri vumbi lilivyokuwa jingi na miaka ilivyokuwa mingi. Ingawa hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kabisa, si kweli pia kwamba nyuzi moja inatosha kuua. Na mzee wa miaka 77 anayehema kwenye ngazi anaweza kuwa na moyo uliochoka, upungufu wa damu, au mapafu yaliyoharibiwa na sigara zenyewe. Nimewaona waliotibiwa "asbesto" miezi kadhaa kumbe ni moyo. Daktari mzuri ataangalia vyote.

Hapa ndipo penye kosa la ile eksirei. Eksirei ya kawaida inaweza kuonekana safi wakati kovu limeshaanza, na ni ya miaka miwili nyuma, kabla kikohozi hakijaanza. Haijibu swali la leo. Anachohitaji ni kusikilizwa kifua kwa makini (kwenye asbestosi husikika mlio mkavu wa kuchanikachanika chini ya mapafu mgongoni, anapovuta pumzi), kupima mapafu kwa kupuliza pamoja na kile kipimo cha uwezo wa mapafu kupitisha gesi kwenda kwenye damu, na skani ya CT ya mapafu yenye picha za kina. Cha gesi mkikitaje kwa jina, maana mara nyingi hufanywa kile cha kupuliza peke yake, na ugonjwa huu unaweza kuanza kujionyesha kwenye gesi.

Huenda ukaambiwa hastahili skani kwa sababu ameacha sigara zaidi ya miaka 15. Kanuni hiyo ipo: kikosi cha wataalamu wa kinga Marekani, kwa mwongozo wa 2021, kinapendekeza skani ya kila mwaka kwa watu wa miaka 50 hadi 80 waliovuta kiasi kikubwa na ambao bado wanavuta au wameacha ndani ya miaka 15. Lakini hiyo ni ya watu wasio na dalili yoyote. Baba mkwe wako anakohoa na anahema. Huyo hachunguzwi kwa tahadhari, anatafutiwa ugonjwa, na kanuni ya sigara haimhusu. Mseme hivyo kwa adabu, na msiondoke bila jibu.

Kuhusu sigara yenyewe, mpongeze mzee. Utafiti wa mafundi wa vihami joto wa Marekani uliochapishwa 1979 ulikadiria kwamba, ukilinganisha na mtu asiyevuta sigara wala kugusa asbesto, asbesto peke yake iliongeza hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu kama mara 5, sigara peke yake mara 11, na vyote viwili pamoja mara 53. Tafiti za baadaye zimepata muunganiko mdogo kuliko huo, lakini mwelekeo ni uleule. Na kuacha hupunguza hatari hiyo mwaka hadi mwaka, hata kwa mtu mwenye nyuzi mapafuni. Kati ya yote aliyoweza kujifanyia, hilo ndilo lenye uzito zaidi, na alilifanya mwenyewe. Mesotelioma peke yake ndiyo haijali sigara. Hutokea kwa wavutaji na wasiovuta sawasawa.

Skani ikionyesha mabaka magumu kwenye utando wa mapafu, msishtuke mpaka mkose kula. Mabaka hayo ni alama kwamba mtu alivuta asbesto. Si saratani, hayageuki kuwa saratani, na mengi hayamzuii mtu kupumua. Yana faida moja ya ajabu: ni ushahidi wa kimwili ambao hakuna afisa wa madai anayeweza kuubishia kirahisi.

Ikiwa ni asbestosi, kovu halifutiki. Tunachofanya ni kulinda mapafu yaliyobaki: chanjo za mafua, nimonia na korona, mazoezi ya mapafu yanayoongozwa na mtaalamu, ambayo husaidia kuliko watu wanavyodhani, oksijeni ikishuka, na kwa wale ambao kovu linazidi kuenea, kuna dawa iitwayo nintedanib iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2020 kwa magonjwa ya kovu linaloendelea. Hupunguza kasi tu. Ikiwa ni mesotelioma, sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa: ni ugonjwa mkali na hatuna tiba ya kuuondoa kwa wengi. Tangu Oktoba 2020 kuna dawa mbili za kinga ya mwili, nivolumab na ipilimumab, zinazotolewa pamoja, ambazo zimewaongezea muda baadhi ya wagonjwa. Upasuaji mkubwa siku hizi unatiliwa shaka zaidi kuliko zamani. Likifika huko, ombeni kituo kinachoona ugonjwa huu mara kwa mara, na ombeni pia timu ya kupunguza maumivu tangu siku ya kwanza.

Maziwa sasa. Msalimie mama, na usimkatalie kwa ukali. Kwetu hata mafundi wa kuchomelea na wapaka rangi hupewa pakiti ya maziwa mwisho wa siku, na tajiri hujihesabia amewakinga. Maziwa hushuka tumboni na vumbi liko kwenye mapafu. Njia hizo mbili hutengana kooni. Hakuna maziwa, asali, tangawizi wala habasoda inayofika kwenye kile kifuko cha hewa, wala hakuna dawa ya hospitali inayoitoa nyuzi ikishazama. Ukiona mtandaoni mtu anauza ya "kusafisha asbesto", funga ukurasa. Ninachochelea kwenye maziwa ni ile faraja ya kwamba limeshafanyika jambo, kumbe miadi ya daktari haijawekwa. Mzee akiyapenda, anywe.

Tuje kwenye kinachoweza kuanza leo hii jioni, na ambacho kwa maoni yangu kina thamani kuliko kipimo chochote: historia ya kazi yake kwa maandishi. Daktari ana dakika chache na atauliza, "Ulifanya kazi gani?" Mzee atajibu, "Navy," na ukurasa utafungwa. Kaa naye na daftari. Usimuulize kuhusu asbesto, ataruka. Muulize kuhusu meli. Ilikuwa ipi, alipanda lini, akashuka lini? Ilipoingia gudini kwa matengenezo makubwa ilikuwa wapi, na yeye alibaki melini au alishushwa? (Huo ndio wakati kila kitu kilipobomolewa, na wengi walilala humohumo.) Valvu aliziondoaje pakingi? Gasketi ilikwanguliwa kwa nini? Vumbi lilikuwa rangi gani, na nani alilifagia, kwa ufagio mkavu au kwa maji? Alipolala, mabomba yalipita juu ya kitanda chake? Nani walikuwa naye, na kati yao nani yu hai? Andika majina ya kampuni zilizotengeneza valvu na pampu kama anayakumbuka. Mafundi huyakumbuka majina yaliyochorwa kwenye chuma kuliko siku za kuzaliwa za wajukuu. Na baada ya 1975 alifanya kazi gani? Norfolk Naval Shipyard, ambayo licha ya jina lake iko Portsmouth, iliwaajiri wanamaji wengi waliostaafu, na kama alikuwa mmoja wao basi hiyo ni sura ya pili yenye taratibu zake za fidia. Utakachopata chapisha nakala: moja ya daktari, moja ya madai, moja ya nyumbani.

Kuhusu fidia, jirani yako amesikia adhana lakini hajui inatoka msikiti gani. Sheria ya PACT ya 2022 imerahisisha madai ya waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka na walioguswa na ile dawa ya kuua majani ya Vietnam, Agent Orange. Asbesto haikuingizwa kwenye magonjwa ya kudhaniwa moja kwa moja, yaani yale ambayo VA huyakubali bila mtu kuthibitisha chanzo chake. Kwa asbesto bado lazima mwonyeshe mambo matatu: ugonjwa uliothibitishwa, kukutana na asbesto jeshini, na maoni ya daktari kwamba la pili limesababisha la kwanza. Sentensi ambayo VA huitafuta kwa daktari ni kwamba uhusiano huo "una uwezekano wa angalau nusu kwa nusu". Daktari asiyejua hilo ataandika "huenda", na "huenda" huanguka.

Lakini PACT haikumwacha mikono mitupu. Kila mstaafu aliyejiandikisha kwenye huduma za afya za VA ana haki ya kuulizwa kuhusu sumu alizokutana nazo, angalau mara moja kila miaka mitano. Aombe hicho kikao. Na ile pwani ya Vietnam uliyoitaja kwa kupita ni jambo kubwa. Kwa sheria ya wanamaji wa maji ya buluu iliyopitishwa 2019, waliokuwa ndani ya maili 12 za bahari kutoka mstari wa pwani uliowekwa huhesabiwa waliguswa na Agent Orange. Hii maana yake, Mungu apishie mbali, ikigunduliwa saratani ya mapafu, hahitaji kuthibitisha asbesto hata kidogo. Saratani hiyo imo kwenye orodha ya Vietnam. Na shinikizo la damu liliongezwa kwenye orodha hiyo mwaka 2022. Kama anameza vidonge vya presha, huenda ana haki ambayo hajawahi kuidai.

Hatua ya kwanza ni fomu fupi ya kutoa taarifa ya nia ya kudai, namba 21-0966. Inashika tarehe: akikamilisha madai ndani ya mwaka mmoja, malipo yakikubaliwa huweza kuhesabiwa tangu siku ile. Ijazwe wiki hii, kabla hata ya skani. Halafu atafute cheti chake cha kuachishwa jeshi, DD-214. Mkiambiwa mafaili yaliungua St. Louis, jibuni kwamba moto ule wa Julai 1973 uliteketeza ya jeshi la nchi kavu na la anga. Ya wanamaji hayakuwamo. Na msimlipe mtu yeyote kwa kujaza madai ya kwanza. Mashirika ya wastaafu yana wawakilishi walioidhinishwa na VA wanaofanya kazi hiyo bure, na hata mwanasheria aliyeidhinishwa haruhusiwi kutoza ada kwa madai ya awali. Wapo wanaotoza, wakijiita washauri. Waepukeni.

Jueni pia kwamba kiasi hutegemea vipimo. Mabaka peke yake kwa kawaida hupata asilimia sifuri ya ulemavu, na bado inafaa kuyasajili, kwani njia imeshafunguliwa hali ikibadilika. Asbestosi hupimwa kwa ujazo wa pumzi na kile kipimo cha gesi: 10, 30, 60 au 100. Mesotelioma inayoendelea ni 100.

Yale matangazo ya mawakili kwenye televisheni ni njia nyingine kabisa. Mwanajeshi hawezi kuishtaki serikali ya Marekani kwa madhara ya utumishi. Mahakama ya Juu iliamua hivyo mwaka 1950. Wanaoshtakiwa ni watengenezaji. Kampuni nyingi za asbesto zilifilisika, Johns-Manville ikiwa miongoni mwa za mwanzo, mwaka 1982, na mahakama zikaamuru zianzishe mifuko ya kuwalipa waathirika. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilisikiliza kesi ya familia za mabaharia wawili dhidi ya watengenezaji wa pampu, turbini na vifaa vya namna hiyo, waliojitetea kwamba wao waliuza chuma kitupu na asbesto iliwekwa na jeshi. Mahakama ikasema, kwa sheria ya bahari, kama kifaa hakiwezi kufanya kazi bila kuongezwa sehemu hiyo, na mtengenezaji anajua ni ya hatari na hana sababu ya kudhani watumiaji watalitambua hilo, basi alipaswa kuonya. Kwa fundi wa valvu uamuzi ule una uzito. Ila hakuna kesi bila ugonjwa uliothibitishwa, na muda wa kushtaki hutofautiana jimbo kwa jimbo, aghalabu ukihesabiwa tangu daktari alipotamka ugonjwa. Muda huo unaweza kuwa mfupi. Siku hiyo ikifika, msikae na msiba miezi mingi kabla ya kumwona wakili.

Mama mkwe. Mwaka 1965 watafiti wa London walionyesha mesotelioma kwa watu ambao hawakukanyaga kiwandani, waliishi tu na mfanyakazi na nguo zake. Aliyekung'uta ovaroli kabla ya kuziloweka alivuta alichovuta mumewe, kwa kiasi kidogo. Meli ikiwa baharini nguo zilifuliwa melini, kwa hiyo miaka yake ya hatari ni ile meli ilipokuwa bandarini au gudini. Amwambie daktari wake, iandikwe kwenye faili, na akipata kikohozi kisichoisha au maji kifuani asichukuliwe kama mwanamke ambaye hakuwahi kukutana na asbesto. Bila dalili, simshauri apigwe skani kila mwaka. Hakuna uchunguzi uliothibitika kuokoa maisha kwa mesotelioma, na mionzi na hofu navyo vina gharama.

Na mtoto. Nimekuacha na hili mpaka hapa nikijua ndilo linalokukesha. Kuikata kamba mara chache ni kiasi kidogo mno, hakilingani na miaka ya babu yake, na hatari yake ni ndogo sana. Usimpeleke kupigwa eksirei. Haitaonyesha kitu sasa na haitabadilisha lolote. Kwa macho huwezi kujua kama kamba ile ni asbesto, kwa hiyo ichukulie kuwa ndiyo. Mtoe mtoto gerejini. Usifagie, wala usipitishe mashine ya kuvuta vumbi ya nyumbani, kwani itapuliza nyuzi nyuma yake. Vaa glavu na barakoa yenye vichujio vya P100 (N95 ya kawaida haitoshi kwa asbesto), nyunyizia maji yenye sabuni kidogo mpaka vipande vilowe, viokote kwa taulo za karatasi zenye unyevu, futa sakafu kwa taulo nyingine mbichi, kisha vyote, pamoja na hizo taulo na glavu, weka ndani ya mifuko miwili ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine. Piga picha boksi au lebo yoyote iliyomo kabla ya kufunga. Usitupe kwanza: piga simu ofisi ya taka ya mji wako uulize utaratibu wao, na mzee akifungua kesi, mfuko ule uliofungwa vizuri utakuwa ushahidi. Nguo alizovaa mtoto siku ile zifuliwe peke yake.

Weka miadi wiki hii. Lakini mzee akikohoa damu, akipata maumivu ya upande mmoja wa kifua yasiyotulia, akipungua uzito bila sababu, au kuhema kukizidi ghafla ndani ya siku chache, msisubiri miadi. Mpeleke siku hiyohiyo. Akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo ikibadilika rangi, usiwashe gari. Piga 911.